Mwalimu wa Kompyuta na Yai la Mzee Bwanausi

Saa nne asubuhi. Jua limekwisha kuwa kali juu ya majaruba, yale mabwawa ya kugandishia chumvi, ya jirani na Mbegani, na mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni anamkaripia mwanamume mzima wa miaka arobaini na moja.

"Usifikiri, Abdala! Nani kakwambia ufikiri? Soma kadi!"

Abdala amesimama ukingoni, suruali ameikunja hadi magotini. Kifuani amening'iniza kipande cha boksi kilichoandikwa MASHINE kwa mkaa. Mkononi ana ndoo iliyotoboka. Kadi inamwambia achote maji hadi ndoo ijae, kwa hiyo anachota, yanavuja, anachota tena, yanavuja tena. Wenzake kumi wamekaa juu ya magunia wakicheka hadi wanashika mbavu.

"Mwalimu, ndoo inavuja," anajitetea.

"Mashine haina mdomo. Mwenye kosa ni aliyeandika kadi. Nani kaandika?"

Zaina, mhudumu wa zahanati, ananyoosha mkono taratibu. Anachukua penseli na kuanza upya: kwanza tazama ndoo.

Hili ni darasa la kompyuta. Kompyuta yenyewe iko Dar es Salaam, mwendo wa saa tatu kwa basi barabara ikiwa nzuri, na katika wanafunzi hawa kumi na mmoja aliyewahi kuiona ni mmoja tu. Aliiona mwezi uliopita, kwa muda usiozidi saa moja.

Kwa mujibu wa barua iliyoletwa wiki iliyopita, darasa hili linafungwa Ijumaa hii. Mwalimu wake, Bi Sihaba Mtoro, ameisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

"Sasa haiyumbi," anasema.

Bi Sihaba ana umri wa miaka thelathini na sita. Ni mzaliwa wa Bagamoyo mjini, binti wa mfanyabiashara wa boriti za mikoko. Marehemu baba yake alimhimiza hesabu ili asije akapunjwa sokoni. Alipomaliza darasa la nane alijifunza kupiga taipu, na mwaka 1966 akaajiriwa katika ofisi moja ya serikali mjini Dar es Salaam kuwa mtoboa kadi.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hiyo, ni hivi. Kompyuta haisomi mwandiko wa karani. Mtoboa kadi hukaa mbele ya mashine yenye vitufe, akabonyeza tarakimu moja moja kutoka kwenye karatasi, na mashine ikatoboa matundu kwenye kadi ngumu. Kompyuta husoma matundu hayo. Bi Sihaba alitoboa kadi elfu moja na mia mbili kwa siku, kwa mshahara wa shilingi mia tatu na kumi kwa mwezi, miaka sita mfululizo.

Hakuna aliyemfundisha kuandika programu, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini na kwa utaratibu gani. Kazi hiyo ilikuwa ya wataalamu kutoka ng'ambo. Lakini wataalamu walipokosea, karatasi zao zilitupwa kapuni, na kila jioni mtoboa kadi mmoja alizikusanya, akazifunika kwa mchicha ndani ya kikapu chake na kwenda nazo nyumbani.

"Nimejifunza kwa makosa yao," anasema. "Na walikuwa nayo mengi, alhamdulillahi."

Mwaka 1972 mama yake aliugua, na Bi Sihaba akaacha kazi na kurudi Bagamoyo. Mama alipopata nafuu, binti hakutaka kukaa bure. Alikwenda kwenye ofisi ya elimu akaomba chumba. Walimcheka kwanza, kisha wakampa: chumba kimoja katika jengo la zamani, madawati kumi na mawili, na kitabu kimoja cha mafunzo kutoka Uingereza. Ikatolewa na ahadi kwamba watakaofaulu watafikiriwa kwa kazi kwenye kompyuta ya Dar es Salaam.

Walijiandikisha watu kumi na wanne. Bi Sihaba akafungua kitabu, sura ya kwanza. Ilihusu ghala la makaa ya mawe ya kupashia nyumba joto.

Mwanamvua Mwishehe, msichana wa Zinga ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini, ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu, nyumba wanaipasha joto ya nini?"

"Kwa sababu ya baridi."

"Sasa si wafunge madirisha?"

Darasa zima lilicheka, na mwalimu naye akacheka. Lakini kicheko hakikumfundisha mtu programu. Sura ya pili ilikuwa ya nauli za treni za chini ya ardhi. Kufikia mwezi wa tatu walibaki watano, na wawili kati yao walikuwa wakisinzia.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza kama pengine wale walioondoka hawakuwa na kichwa cha somo hilo. Lilikuwa swali la kipuuzi, na alijibiwa kama alivyostahili.

"Kichwa? Ndugu yangu, wale walikuwa na vichwa kuliko mimi. Mtu akikusumbua na hesabu ya kitu hukioni, hukili wala hukitaki, akili yako inajua kwamba inapotezewa wakati. Inaondoka zake. Na inafanya vizuri kuondoka!"

Mambo yaligeuka siku alipofuata chumvi ya nyumbani kwenye majaruba. Mzee Bwanausi Alawi, mwenyekiti wa ushirika wa wachumvi saba, alikuwa akimwelekeza mfanyakazi mgeni. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, yanapojaa sana, katika jaruba la kwanza, yakakaa juani, kisha yakahamishiwa la pili. Yakishakuwa makali sawasawa hufunguliwa mlango wa jaruba la mwisho, ambako chumvi huganda. Yakipelekwa kabla ya wakati huyeyusha hata chumvi iliyokwisha kuganda.

Ukali wenyewe hupimwa kwa yai.

"Chota maji ya jaruba la pili," Mzee Bwanausi alikuwa akisema. "Tia yai. Likizama, mwache Mungu alete jua, urudi kesho. Likielea likachomoza kiasi cha ukubwa wa shilingi moja, fungua mlango."

Bi Sihaba alisahau chumvi iliyomleta. Fanya hiki. Tazama. Ikiwa hivi, rudi mwanzo. Ikiwa vile, endelea mbele. Alikuwa ameokota karatasi za kapuni miaka sita ili ayaelewe maneno hayo, na hapa mzee wa Mbegani aliyapanga kwa pumzi moja.

"Nilimwambia, Mzee, wewe unaandika programu. Akaniambia, mwanangu, mimi sijui kuandika."

Kesho yake alikiweka kitabu cha makaa ya mawe juu ya kabati, akawapeleka watu wake watano majarubani. Mmoja aliandika maagizo kwenye vipande vya kadi, mwingine akavaa kibao cha MASHINE na kufanya kama kadi zinavyosema, bila kuongeza wala kupunguza. Habari zikaenea. Waliokuwa wameondoka wakaanza kurudi. Zaina akaja na wazo la kupanga zamu za sindano. Abdala, anayekata tiketi kwenye kituo cha basi, akaandika jinsi ya kugawa viti kwa abiria wa Msata bila ugomvi. Wakafika kumi na mmoja, na hakuna aliyesinzia.

Kisha likaja lile la Februari.

Mwanamvua alikuwa ameandika programu nzuri kiasi kwamba Mzee Bwanausi alikubali ijaribiwe kwenye majaruba ya kweli, siku zote za kungoja, hadi mlango ufunguliwe. Abdala akawa mashine. Kila asubuhi kabla ya kazi yake alichota, akatia yai, likazama, akaliweka yai ukingoni na kwenda zake. Kadi ilisema rudi namba moja. Haikusema chukua yai jingine.

Siku ya kumi na moja yai likaelea, likachomoza barabara, ukubwa wa shilingi na zaidi. Abdala akafungua mlango.

Yai lilikuwa viza. Siku kumi za jua la kaskazi zilikuwa zimeliozesha, na yai bovu huelea hata kwenye maji ya kunywa. Maji hafifu yakaingia jaruba la mwisho na kuyeyusha chumvi iliyokuwa ikingoja kukusanywa. Magunia ishirini na matatu yalipotea, jasho la nyumba saba.

"Niliona yai limebadilika rangi," Abdala anakiri, akitazama chini. "Hata harufu niliisikia. Lakini niliambiwa nisifikiri."

Mzee Bwanausi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowauma zaidi. Alisema tu kwamba hataki kuwaona. Mwanamvua alilia siku mbili, akataka kuacha. Bi Sihaba alimfuata hadi Zinga kwao.

"Nilimwambia, lia, umeharibu, ni haki yako kulia. Lakini ukimaliza uje uandike upya. Wazungu wangu wale walikosea kila siku na hakuna aliyerudi kwao."

Alirudi. Kwa wiki tatu darasa zima lilikwenda kutengeneza kingo na kusomba tope bila malipo, mwalimu akiwa wa kwanza kuingia matopeni. Programu mpya ya Mwanamvua ilianza na maagizo matatu ambayo hayakuwamo mwanzo: kila siku chukua yai jingine, kabla ya yote litie kwenye maji ya kunywa, likielea, litupe. Mzee Bwanausi aliposomewa alitikisa kichwa. "Hilo sikuwaambia," alisema. "Kila mtu analijua. Sikudhani kuna haja ya kulisema." Akawaruhusu warudi.

Ofisi haikuwa na moyo wa Mzee Bwanausi. Mwezi Machi alifika ofisa wa mafunzo, Ndugu Mohamedi, akiwa na faili. Alikuwa amesikia habari za magunia. Aliuliza kitabu kiko wapi, akaonyeshwa juu ya kabati, akakipangusa vumbi kwa leso yake.

"Bibi Sihaba, serikali haikukupa chumba ufundishe mayai."

"Nafundisha kufikiri kwa utaratibu, Ndugu."

"Kwa mayai?"

"Kwa mayai, kwa sindano, kwa viti vya basi. Niambie wewe, Ndugu Mohamedi, umewahi kuyaona makaa ya mawe ya kupashia nyumba?"

Hakuwa amewahi. Lakini mhuri ulikuwa wake. Akaagiza mtihani ufanywe mwezi Mei, maswali yatoke kitabuni, na wasipofaulu watu watatu darasa lifungwe.

Swali kubwa la mtihani lilikuwa lile lile la ghala: andika programu ya kupokea hesabu ya makaa yaliyobaki, na yakipungua chini ya kiasi fulani iagize mengine. Abdala alifaulu. Zaina alifaulu. Wanane walianguka. Mwanamvua, aliyekuwa bora kuliko wote, alipata sufuri.

Kosa lake ni kwamba hakuanza pale kitabu kilipoanzia. Kabla ya kuhesabu chochote, programu yake ilitazama kwanza kama tarakimu iliyoletwa inawezekana: si chini ya sufuri, wala si zaidi ya uwezo wa ghala lenyewe. Ikiwa haiwezekani, isimame na iseme. Msahihishaji alipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Haya hayakuulizwa."

Hapo ndipo Bi Sihaba alipokataa kutia sahihi matokeo.

"Miaka sita nimetoboa kadi," anasema, na sauti inampanda. "Najua kidole kinavyochoka saa tisa alasiri. Unataka kubonyeza tisa mara moja, unabonyeza mara tatu. Kadi mbovu zinaingia kila siku! Yule mtoto amejifunza hilo kwa magunia ishirini na matatu ya watu, halafu mtu aliyekaa kivulini anamwambia hayakuulizwa?"

Mwezi Juni alipanda basi na Mwanamvua kwenda Dar es Salaam. Mkobani alikuwa na karatasi mbili: jibu la kitabu, na jibu lililopewa sufuri. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba alichofanyia kazi zamani. Rafiki yake Tabia, waliyekuwa wakitoboa kadi meza moja, sasa ni mwangalizi wa zamu. Tabia alimsikiliza, akazungumza na mkuu wa chumba, nao wakapewa muda wa chakula cha mchana, mashine inapokuwa haina kazi. Ndugu Mohamedi aliitwa aje ashuhudie.

Bi Sihaba alizitoboa kadi zote kwa mikono yake. "Vidole havikusahau," anasema. Kwenye kadi ya hesabu ya ghala alitia kosa kwa makusudi, lile la kuchoka, kwa jinsi ambayo mtoboa kadi yeyote hukosea: alama ya kutoa mbele ya tarakimu, na tisa tatu pasipostahili hata moja.

Ilianza programu ya kitabu. Mashine ya kuchapa ikanguruma, na bila wasiwasi wowote ikaagiza makaa ya mawe kiasi ambacho, kwa hesabu ya Tabia, kingejaza ghala lile mara mia nne.

Kisha zikaingia kadi za Mwanamvua. Mashine ilinguruma kidogo tu, ikakaa kimya. Karatasi ilitoka na mstari mmoja, kwa herufi kubwa:

YAI VIZA. BADILI YAI.

"Nilisahau kuyabadilisha maneno," Mwanamvua anasema, akijifunika uso kwa ncha ya kanga. "Kwenye mtihani niliandika vile tulivyozoea. Mwalimu akayatoboa kama yalivyo."

Mwalimu anasema hakusahau. Aliyatoboa herufi kwa herufi, kwa furaha.

Mkuu wa chumba alicheka mpaka akavua miwani. Alimwomba Mwanamvua amweleze habari ya yai tangu mwanzo, naye akamweleza, tope na magunia na machozi, wala hakuficha kitu. Alipomaliza, mkuu yule aliandika barua kuomba karatasi ile isahihishwe upya. Ndugu Mohamedi alisema ni bahati tu, akachukua kofia yake.

Hadi makala haya yanaandikwa jibu la barua hiyo halijatoka. Ile ya kufunga darasa ndiyo iliyowahi. Ijumaa watakuja watu kuchukua madawati na ufunguo wa chumba. Kama sufuri ya Mwanamvua itafutwa baadaye, wanafunzi watatu watakuwa wamefaulu na darasa litakuwa na haki yake, lakini hakuna anayejua kama kufikia hapo chumba hakitakuwa kimepewa mtu mwingine.

"Waje," anasema Bi Sihaba. "Madawati nimeyapangusa. Ufunguo huu hapa. Na kitabu wakichukue, labda ofisini kwao kuna baridi."

Sasa anafundishia kwenye banda la kuhifadhia chumvi. Ukutani, kati ya majembe na pauro, zimepigiliwa karatasi mbili kwa misumari: moja ina sufuri nyekundu, ya pili ina mstari mmoja wa herufi kubwa. Banda limetolewa na Mzee Bwanausi, yule aliyesema hataki kuwaona.

Anafika sasa hivi, kikapu mkononi.

"Shikamoo Mzee," darasa linamwamkia.

"Marahaba. Haya, ya leo hayo. Kuku kataga alfajiri, mimi mwenyewe shahidi."

Mzee haoni ajabu kuwapa watu hao banda lake. Anasema hasara ya Februari aliionja, lakini tangu walipoanza kuandika, wafanyakazi wake wageni hujifunza kwa siku mbili kazi iliyokuwa ikichukua msimu mzima. Kadi zinawaambia hata yale ambayo yeye hudhani kila mtu anayajua.

Mpango wa Bi Sihaba ni huu: kila mwanafunzi aandike programu moja ya kazi yake mwenyewe, hadi kadi za mwisho, na mwezi ujao wote kumi na mmoja wapande basi la Dar es Salaam wakaombe muda wa chakula cha mchana. Wakikataliwa watarudi mwezi unaofuata. Tabia amekwisha kuwatengea kadi tupu.

"Tutakuwa tukienda mpaka watuzoee," anasema.

Nje, Abdala bado amesimama ukingoni. Ameletewa kadi mpya ya Zaina na ndoo nzima. Anachota. Anachukua yai la Mzee Bwanausi, analitia kwanza kwenye kopo la maji ya kunywa. Linazama hadi chini, likatulia. Darasa linapiga makofi, naye anatazama kadi, kisha anamtazama mwalimu, akingoja kuambiwa la kufanya.

Bi Sihaba anamkaribia, ananyanyua mikono na kumvua kile kibao cha MASHINE.

"Basi, inatosha," anamwambia. "Kaa na wenzako. Keshokutwa ni Ijumaa. Sasa fikiri."